Arusha hadi Ziwa Natron kwa gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Arusha na Moshi wanaotaka kuendesha wenyewe kwenda Natron. Wageni waliolipia safari nzima wana dereva wa kuwajibu. Nimeyaweka jinsi yanavyokuja, kwa hiyo usitafute mpangilio mkubwa.

Ni kilomita ngapi, na ni mwendo wa saa ngapi?

Ni karibu kilomita 240 kutoka Arusha mjini hadi kijiji cha Ngare Sero, ambacho kiko upande wa kusini wa ziwa. Nusu ya kwanza ni lami na unaimaliza kwa saa mbili hivi. Nusu ya pili ni vumbi, mchanga, mawe na majivu ya volkano, nayo inakula saa tatu hadi nne kama hujasimama. Utasimama. Anayekwambia alifika kwa saa tatu jumla alikuwa anaendesha gari la bosi wake.

Njia yenyewe inapita wapi?

Unatoka Arusha kupitia Kisongo na Meserani hadi Makuyuni. Hapo njia zinagawanyika: inayoendelea mbele inakwenda Babati na Dodoma, ya kulia inakwenda Mto wa Mbu. Ukifika Mto wa Mbu, kabla hujaanza kupanda mlima wa kwenda Karatu, unaacha barabara kuu na kukata kulia kuelekea kaskazini. Kuanzia hapo ni Selela, kisha Engaruka, kisha Ngare Sero.

Kupotea ni kazi kidogo, maana ukuta wa Bonde la Ufa unakaa mkono wako wa kushoto karibu safari nzima. Mkono wa kulia ni uwanda mkavu, na mbali kidogo milima ya Ketumbeine na Gelai. Ukipita Engaruka, mlima Kerimasi unajitokeza kushoto, na nyuma yake volkano ya Ol Doinyo Lengai yenyewe, imechongoka na haina mti.

Tatizo ni kwamba uwandani njia moja huzaa njia tano. Madereva hukwepa mashimo, wakafungua mpya, nayo ikaharibika wakafungua nyingine. Fuata ile yenye alama mbichi za tairi. Mpya usiifungue wewe, hayo ni malisho ya watu.

Ipo pia njia ya Longido, unayoishika kwenye barabara ya Namanga na kupita Ketumbeine na Gelai. Ni nzuri na ni kimya, lakini ukiharibikiwa huko unaweza kusubiri muda mrefu kabla gari jingine halijapita. Kwa mara ya kwanza pita Mto wa Mbu.

Naweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo?

Kwa hesabu ya kilomita, ndiyo. Lakini ukiondoka Arusha saa kumi na mbili asubuhi utafika Ngare Sero kwenye saa sita mchana, na saa sita mchana Natron ni mahali pa kukaa kivulini na kunyamaza. Ziwa liko mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, wakati Arusha tuko 1,400, na joto la huko kufika nyuzi 40 si ajabu. Kila kitu kizuri hufanyika kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kwa hiyo mtu wa siku moja anaona ziwa likimetameta kwa mbali, anapiga picha mbili, anageuza gari, na usiku unamkuta kwenye makorongo.

Lala usiku mbili. Siku ya kwanza unasafiri na kusimama Engaruka, jioni unakwenda ziwani. Siku ya pili alfajiri unaingia korongo la Ngare Sero, mchana unalala, jioni unaangalia nyayo za watu wa kale. Siku ya tatu unaondoka mapema. Mwenye usiku mmoja tu aache Engaruka, asiache korongo.

Noah yangu itafika? Na IST?

IST, hapana. Noah nimeziona huko, na zinazobeba abiria wa vijijini zinapita, lakini dereva wake anajua kila jiwe kwa jina na gari ni la kazi. La kwako ni la familia.

Kinachohitajika ni gari lililonyanyuka, linalovuta magurudumu yote manne, lenye tairi nzima. Land Cruiser ndiyo mfalme wa njia hii, Prado inatosha, na Rav4 ya zamani kwa dereva mtulivu hufika wakati wa kiangazi. Tairi ni muhimu kuliko injini. Beba spea mbili kama unaweza, jeki inayofanya kazi (ijaribu nyumbani, si porini), ubao wa kuwekea jeki maana juu ya majivu inazama, kamba ya kuvutia, na pampu ndogo ya upepo.

Barabara imejaa mawimbi madogomadogo kama bati, na ndiyo yanayoua shokapu na kulegeza nati. Punguza upepo kidogo ukiacha lami na uendeshe taratibu. Kuna wanaosema ukikimbia sana gari linaelea juu ya mawimbi hayo. Linaelea kweli, na breki nazo zinaelea.

Mafuta nijaze wapi?

Mto wa Mbu, tangi lijae mpaka juu. Vijijini utapata petroli ya chupa kwa bei ya mwenye chupa, na dizeli ni bahati. Kumbuka kwamba mchanga na gia ndogo vinakunywa kuliko lami, kwa hiyo hesabu ya mafuta ya mjini usiitumie.

Hayo makorongo yanayosemwa yana hatari gani?

Hili ndilo swali ambalo watu huuliza mwisho, na lilipaswa kuwa la kwanza.

Kati ya Mto wa Mbu na Ngare Sero unavuka mikondo mingi ambayo karibu mwaka mzima ni mchanga mkavu. Magharibi yako, juu ya ule ukuta, ni nyanda za juu za Ngorongoro, ambako mvua hunyesha wakati wewe huku chini uko kwenye jua kali. Maji yote hayo hutafuta bonde. Korongo uliloliona kavu saa tano linaweza kuwa mto wa matope saa nane, na wewe hujaguswa hata na tone moja. Ukiona wingu zito limekalia ukuta, hesabu kwamba maji yako njiani.

Namna ya kuvuka ni hii. Simamisha gari kabla ya kushuka, usishuke kwanza ndipo ufikiri. Mtu mmoja avuke kwa miguu huku dereva anamwangalia. Kama ni mchanga, aukanyage kwa kisigino aone unazama kiasi gani, na atazame ukingo wa pili, maana mara nyingi maji huukata wima na bampa ndiyo inayolipa. Kama kuna maji ya kahawia yanayobeba vijiti na yamepita goti, kaa. Hushuka, mara nyingi kwa saa chache. Ukishaingia, gia ndogo, mwendo mmoja, usibadilishe gia katikati na usisimame kupiga picha.

Wachungaji wanajua zaidi ya simu yako. Mara moja tulikuwa tunabishana ukingoni kama tupite juu au chini, kijana mmoja wa Kimaasai akaja, hakusema neno, akatembea hatua kama ishirini kando ya ukingo, akachoma fimbo yake ardhini na kusimama pembeni. Tukapita palepale alipoweka fimbo. Mpe maji ya kunywa mtu kama huyo kabla hujafikiria kumpa hela.

Miezi ya Machi hadi Mei ni mvua za masika, na hapo nakushauri uache kabisa. Novemba na Desemba vuli huweza kuharibu mpango pia. Juni hadi Oktoba ndiyo salama, ukivumilia vumbi.

Kuna mageti mangapi ya kulipia?

Zaidi ya moja, na ndiyo maana watu hurudi wamenuna. Njia inapita katika wilaya za Monduli, Longido na Ngorongoro, na ziwa lenyewe liko katika Pori Tengefu la Ziwa Natron, ambalo liko chini ya TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori. Juu ya hapo kijiji kina ada yake kwa wanaotembelea maporomoko na nyayo. Viwango hubadilika, sitaviandika hapa ukaja kunilaumu.

Beba kitambulisho cha NIDA, kwa sababu bei ya Mtanzania na ya mgeni zimeachana mbali sana, na sura peke yake haitoshi getini. Malipo ya serikali ni kwa kontrol namba, kwa hiyo weka salio kwenye simu kabla hujaondoka Mto wa Mbu. Chukua stakabadhi kila mahali na uzibane pamoja. Utaombwa tena mbele na hata wakati wa kurudi. Anayetaka hela mkononi bila stakabadhi, mwombe kwa upole akuandikie. Ukisema "shikamoo mzee" kwanza, mazungumzo mengi huwa mafupi.

Nisimame Engaruka? Kuna nini zaidi ya mawe?

Kuna mawe, na kwa maoni yangu ni mawe yanayostahili saa mbili zako. Chini ya ukuta wa bonde, watu walioishi hapa kuanzia karne ya 15 hivi walijenga vijiji vya mawe kwenye mteremko na kupanga mashamba ya matuta kwa mifereji iliyovuta maji ya mito inayoshuka kutoka juu. Eneo la mashamba hayo ni karibu hekta 2,000. Walilima katika nchi ambayo mvua yake haitoshi kulima. Kisha, kufikia karne ya 18, wakaondoka.

Wapo wanaotaja ukame, wapo wanaotaja udongo kuchoka, wapo wanaotaja wafugaji waliofika. Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika mwaka 1935, na tangu hapo wengine wengi wamechimba na kubishana. Kinachonivutia mimi ni kwamba Wasonjo, walioko juu upande wa Loliondo, mpaka leo wanamwagilia kwa mifereji na wana zamu zao za maji. Kwa hiyo ujuzi wa namna ile haujapotea kabisa katika nchi hii.

Usiende bila mwongozaji wa hapo kijijini. Ukiingia mwenyewe utaona marundo tu. Yeye atakuonyesha mstari wa mfereji, na ukishauona mmoja unaanza kuona yote, unavyofuata mteremko kwa uangalifu, mawe yamepangwa kavu bila udongo katikati. Usihamishe hata moja.

Kupanda Ol Doinyo Lengai ni lazima?

Hapana, na watu wengi wangefurahia safari zaidi kama wasingeupanda. Una mita 2,962. Kupanda huanza katikati ya usiku ili kukwepa jua, kwenye mteremko mkali wa majivu ambapo kila hatua unarudi nusu, na kushuka ndiko kunakomaliza magoti. Mwongozaji ni lazima.

Ni volkano hai. Ililipuka mwaka 1966, ikatoa tena lava kuanzia 1983, na mlipuko mkubwa wa karibuni ulianza 2007 ukaendelea hadi 2008. Julai 2007, kabla ya mlipuko ule, eneo la Gelai lilipigwa na tetemeko ambalo hata Nairobi walilisikia. Kwa hiyo uliza hali ya mlima kijijini kabla hujalipa chochote.

Lava yake haina mfano kwa volkano hai nyingine duniani: imejaa kaboneti ya sodiamu, na joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600, karibu nusu ya lava ya kawaida. Inatoka nyeusi, na ikishika unyevu inageuka nyeupe. Ule weupe unaouona kileleni ukiwa barabarani si theluji, ingawa kila gari huwa na mtu mmoja anayeapa kuwa ni theluji.

Kwa Wamaasai ni mlima wa Mungu, mahali pa sala. Kelele na muziki wa gari hapo chini viache.

Ni kweli ziwa linageuza wanyama kuwa mawe?

Zile picha zilizosambaa mwaka 2013 ni za kweli na si za kweli. Mpiga picha aliokota ndege na popo waliokufa, waliokaushwa na kugandishwa na magadi, akawaweka matawini kana kwamba waligeuka mawe wakiwa wamekaa. Ziwa halimkamati ndege aliye hai na kumgandisha.

Ila maji yake si ya kuchezea. Magadi yanatoka kwenye miamba na majivu ya volkano, yanashuka na chemchemi na mito, kubwa ikiwa Ewaso Ng'iro kutoka Kenya. Ziwa halina pa kutokea, kina chake hakifiki mita tatu, jua linakausha, chumvi inabaki. Yanachoma kidonda na macho. Usiruhusu watoto kuogelea, na usitembee juu ya gamba jeupe ukidhani ni ardhi. Chini yake kuna tope linaloshika mguu, na kiatu kikibaki humo kimebaki.

Heroe (flamingo) wanaonekana lini?

Wachache huwapo karibu wakati wowote, kwenye ncha za ziwa zenye maji ya chemchemi. Kuzaliana kwao mara nyingi ni kati ya Agosti na Desemba, lakini hawafuati kalenda. Wanafuata kiwango cha maji. Inakadiriwa kwamba takribani robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wameanguliwa hapa. Wanajenga viota vya tope katikati ya magadi, ambako fisi na bweha hawawezi kufika. Wewe pia huwezi, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiwa na darubini ibebe. Anayewarushia droni ili waruke wote kwa pamoja apate video, huyo sina la kumjibu hapa.

Korongo la Ngare Sero linafaa kwa watoto?

Kuanzia miaka saba, minane, ndiyo, kama maji hayajajaa. Ni mwendo wa karibu saa moja kwenda, ukipanda na mto kati ya kuta za mwamba, mara ukingoni, mara ndani ya maji hadi mapajani. Maji ni baridi na matamu, na baada ya ile jangwa huamini kwamba ni mahali pamoja. Mwisho kuna maporomoko yanayochuruzika ukutani kupitia miti na majani mabichi, na bwawa la kuogelea.

Vaa raba kuukuu au sandali zinazofungwa nyuma. Malapa yatachukuliwa na mto mnapovuka mara ya kwanza, na utamaliza njia peku juu ya mawe yenye joto. Simu weka kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Ingieni kabla ya saa moja na nusu asubuhi, mtoke jua likianza kuingia korongoni. Kama juu milimani kumenyesha usiku, mwongozaji atakataa, usimbishie.

Nyayo za watu wa kale ziko wapi?

Karibu na ufukwe wa kusini, si mbali na kambi za kijijini. Ni zaidi ya nyayo 400 za binadamu zilizokanyagwa kwenye tope la majivu ya Lengai, na umri wake umekadiriwa kuwa kati ya miaka 5,000 na kitu na 19,000. Mkazi wa hapo ndiye aliyeziona kabla ya wanasayansi. Nenda jioni, jua likiwa chini, kwa sababu kivuli ndicho kinachoonyesha vidole. Mchana utaona sakafu ya kijivu tu. Wengine walikuwa wanakimbia, inaonekana kwenye urefu wa hatua.

Chakula, maji na mtandao?

Maji: lita tano kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa tu, na akiba ya gari. Chakula: nunua sokoni Mto wa Mbu, ndizi nyekundu zikiwemo. Ngare Sero kuna maduka madogo na nyama ya mbuzi ukiagiza mapema. Mtandao upo kijijini, unakatika njiani, kwa hiyo pakua ramani kabla na mwambie mtu wa nyumbani utafika saa ngapi.

Naweza kupiga picha watu na maboma yao?

Omba kwanza, na ukikataliwa umekataliwa. Akina mama wanaouza shanga wanategemea siku hiyo hiyo. Nunua kama umependa, na usishushe bei mpaka ya aibu. Ukimsalimu mama "takwenya", atakujibu "iko" na kucheka lafudhi yako.

Naweza kuendelea hadi Loliondo na Serengeti?

Ndiyo. Baada ya Ngare Sero barabara inapanda ukuta wa bonde kwa kona kali, inafika Sale na Waso, na kipande cha Waso hadi Sale kina lami. Mandhari ya ziwa kutoka juu huko ni ya kipekee. Lakini ukiingia Serengeti unalipa ada za hifadhi, na kurudi Arusha kupitia Ngorongoro kuna ada nyingine. Piga hesabu kabla ya kupanda, si baada.

Niko Moshi, Natron ni mbali. Kuna nchi kavu yenye maji karibu zaidi?

Bwawa la Nyumba ya Mungu, kama kilomita 50 kusini mwa Moshi. Ni bwawa la kutengenezwa, lilijengwa miaka ya 1960 pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana na Mto Pangani unapoanzia, na kituo chake kinazalisha megawati 8 za umeme. Milima ya Pare iko mashariki, uwanda wa Simanjiro uko magharibi, katikati ni maji na mibuyu na vijiji vya wavuvi. Hakuna makorongo ya kutisha wala heroe kwa maelfu. Kuna perege na kambale, mradi uvuvi haujafungwa kupisha samaki wazaliane, na unarudi kulala kwako.

Gari likirudi nifanye nini?

Lioshe chini, si juu. Majivu na magadi yakikaa kwenye chasisi na bolti yanakula chuma polepole, kwa hiyo mwambie kijana wa kuosha magari apige maji ya nguvu ndani ya matao ya tairi na chini ya sakafu. Ea klina itoe uigonge. Ukiona vumbi la kijivu halikwishi, badilisha. Fundi akaze nati zote za springi na shokapu, hata zile anazosema ziko sawa.